Chumba Kilichobaki Mwisho

Mimi sikuumbwa kukaa. Mama yangu alizoea kuwaambia watu kwamba nilipozaliwa nilitanguliza miguu, na tangu siku hiyo miguu haijatulia. Kwa hiyo mtu akitaka kujua ni adhabu gani niliyoipata hapa duniani, nitamwambia ni ile miezi minne na siku kumi niliyokaa na mama chumbani, huku nyumba yetu inabomolewa juu ya vichwa vyetu.

Ilikuwa miaka ya thelathini, Wete. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja, chini karibu na bandari. Aliyeijenga ni babu yake baba, aliyekuja kutoka Omani, na ilikuwa nyumba kongwe kuliko zote upande ule. Kuta zake zilikuwa nene hata mtoto aliweza kulala ndani ya dirisha, na mlango wake wa nakshi ulikuwa mzito, hufunguliwa kwa bega. Serikali ikataka barabara ya kuteremkia bandarini iwe pana na inyooke, na ramani ikapita katikati ya ukumbi wetu. Mudiri, mkuu wa serikali pale Wete, akamwita baba, akampa kiwanja juu mlimani, akamwambia achukue chochote anachokitaka katika nyumba ya zamani kabla watu wa barabara hawajafika. Wenzake waliopata barua kama ile walichukua milango na madirisha, mawe wakayaacha pale pale. Baba akasema yeye atachukua nyumba.

Watu walimcheka. Ami yangu, mdogo wake baba, alimcheka kuliko wote, kisha ndiye aliyekwenda Gando kumtafuta fundi.

Fundi huyo alikuwa mtu mfupi, mkimya, mikono yake imebabuka kwa chokaa. Hakujua kusoma wala kuandika, na nyumba ya kuhamishwa lazima iwekewe alama, ama sivyo boriti ya ukumbini itakwenda kuezeka choo. Yeye alitumia chane za ukindu, zile zile wanawake wanazosukia mikeka. Kila chumba alikipa rangi yake, na kila boriti aliifunga chane yenye mafundo: fundo moja kwa boriti ya kwanza kutoka mlangoni, mafundo mawili kwa ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa dari. Mawe ya pembe nayo aliyafunga kama mizigo ya kuni. Mama yangu alikuwa mtu wa Msuka na mikeka kwao ndiyo kazi, basi akajitolea kumchania na kumtilia rangi. Chumba chake na baba kilipewa chane nyeupe zisizotiwa rangi.

Kazi ilikuwa haijaanza vizuri, hata vigae vya juu havijashuka, baba akashikwa na homa. Siku ya tatu akafariki. Alifariki magharibi, ndiyo kwanza mwezi unaandama, katika kile chumba cha chini cha pembeni walicholala yeye na mama miaka ishirini na tano.

Mama akaingia eda. Mjane wa kwetu hukaa miezi minne na siku kumi, miezi ya kuandama, ndani ya nyumba ya marehemu mumewe. Hatoki, haonwi na wanaume wasio wake, hajipaki mafuta, hatii wanja, hafukizi udi. Na nyumba ya marehemu ndiyo hiyo iliyotakiwa kuondoka.

Ami akaenda kwa shehe, akarudi na jibu lililomfurahisha. Alisimama nyuma ya pazia la chumba, akakohoa.

"Shemegi, shehe kasema una udhuru. Nyumba ikibomolewa, mke huhama na eda yake. Hapana dhambi."

"Nyumba ishabomolewa?" mama akauliza kutoka ndani.

"Bado."

"Basi na udhuru bado."

Ami akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa mama. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa. Mama alimjibu kwa adabu zake zote na hakusogea hata shubiri. Alitaka jambo moja tu, amkalie mumewe eda yake kamili, mle chumbani alimokatia roho. Mwishowe ami akasalimu amri. Akamwambia fundi aanze juu, ashuke, azunguke, na chumba cha pembeni kiwe cha mwisho. Mudiri naye akaombwa, akakubali, kwa kuwa watu wa barabara walikuwa bado mbali kule juu.

Mimi nilikuwa nimeolewa Chake. Nilikuja kwa maziko nikabaki, maana mama hakuwa na binti mwingine, na mtu wa eda lazima awe na mtu wa kumtokea nje. Mume wangu aliridhia. Mwezi wa kwanza aliridhia kwa moyo mkunjufu, wa pili kwa kuguna, na wa tatu akamtuma dereva wa gari la karafuu aniulize, "Eda hii ni ya mamako au ni yako?" Hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

Kila asubuhi fundi alisimama uani akapiga ukelele, "Bibi, twapanda!" Mama hujitanda kanga yake gubigubi hata pua isionekane, ingawa juu yetu palikuwa na dari nzima, kisha hujibu, "Pandani!" Hapo mitaimbo ikaanza. Vumbi la chokaa likatushukia kama unga. Uji wetu ulikuwa na chokaa, maji yalikuwa na chokaa, nywele zangu zikawa za bibi kizee. Mama alikaa juu ya mkeka anachana ukindu, anasikiliza. Aliijua nyumba kwa masikio.

"Hapo wameng'oa dirisha la mama mkwe wangu," husema. "Hiyo ni boriti ya ngazini, hiyo iliyolia. Siku zote ilikuwa yalia."

Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi, mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni. Hatua saba. Nilizijua hata kwa kisigino.

"We ntoto, mbona hukai kitako?" mama akasema. "Wanizungusha roho."

"Ntakaaje mama, na nyumba inaondoka?"

"Inaondoka yenyewe. We wakimbilia wapi?"

Nilikuwa sina uvumilivu na maneno kama hayo. Nilitoka uani nikayahesabu magari ya ng'ombe yanayopandisha mawe mlimani, nikarudi, nikamwambia yamepita manne, akasema alhamdulillahi. Nilimpenda mama yangu, wala sisemi hili kwa kujipamba. Lakini kumpenda mtu ni kitu kimoja na kukaa naye mahali pasipogeuka ni kitu kingine, na mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo hata sauti ya kisu chake kikichana ukindu ilinipandisha hasira.

Kazi moja tu niliipenda. Mama hakuweza kutoka kutazama mwezi, basi mimi nilikuwa macho yake. Kila tarehe ishirini na tisa, jua likitua, nilikwenda kutazama upande wa Gando. Ukionekana, mwezi umekwisha na mwingine umeingia. Usipoonekana, tunakamilisha siku thelathini. Mwezi wa kwanza niliutazamia dirishani ghorofani. Wa pili ghorofani vile vile, ila hapakuwa na paa. Wa tatu nilisimama juu ya ukuta wa ngazi, ngazi yenyewe imekwisha kwenda mlimani, na fundi akiniangalia kwa chini na roho yake juu. Kila mara nilirudi nikamwambia mama nilichokiona, naye hakuniuliza mara mbili.

Mwezi wa nne ulikuta masika yamepamba moto. Nyumba ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni chumba chetu kimoja, na juu ya dari yake fundi ametuezekea makuti ili mvua isitupate. Kutoka dirishani, mahali palipokuwa ukumbi, sasa uliona mpaka kwa jirani, na jirani alikuona wewe. Watu wa barabara walikuwa wamekaribia hata tukasikia mtu mmoja mmoja akikohoa. Asubuhi ya ile tarehe ishirini na tisa fundi aliniita kando, akanionyesha ufa uliotoka kwenye dirisha ukashuka mpaka chini.

"Ukuta huno umezoea kushikana na wenziwe," akasema. "Sasa wenziwe hawapo. Mvua mbili tatu kubwa, sikudanganyi, utalala. Bibi akitoka siku yake mie ntashukuru."

Alasiri ile ile dereva wa gari la karafuu akapita tena. Safari hii mume wangu hakuuliza kitu. Alituma salamu tu, na salamu tupu kutoka kwa mume huogopesha kuliko maneno.

Jua lilipokaribia kutua nikatoka. Sikuwa na ukuta wa kupanda, nikapanda chungu ya kifusi. Upande wa Gando wingu lilikuwa limetanda, zito, jeusi, kutoka juu mpaka baharini. Nikangoja. Adhana ikasomwa, nikangoja bado. Hapakuonekana kitu, wala isingewezekana kuonekana kitu. Nikateremka na manyunyu yakaanza.

Mama alikuwa ameshaswali, amekaa juu ya mswala anakabiliana na mlango.

"Haya mwanangu?"

Mpaka leo sijui ni nani aliyesema. Yaani najua ni mimi, ila sikupanga. "Nimeuona," nikasema.

"Na wingu hili?"

"Lilifunguka kidogo. Ulikuwa juu ya minazi, mwembamba."

Minazi hakuniuliza mtu, niliitia mwenyewe. Mama akainua mikono akaomba dua, akamwombea baba, kisha akaniombea mimi kwa kuwa nilikuwa nimerowa. Sasa zilibaki siku kumi, na kwa maneno yangu matatu nilikuwa nimemkatia siku moja.

Nilijiambia nimefanya hivyo kwa sababu ya ule ufa. Ni kweli niliuogopa ufa. Lakini nilipolala nilikuwa nawaza gari la karafuu, barabara ya Chake, na mlango wangu mwenyewe ninaoweza kutoka na kuingia. Zile siku kumi sikutulia hata kidogo. Mvua ikinyesha nausikilizia ukuta, mvua ikikatika naisikilizia roho yangu. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie mama kweli, nikasema jambo jingine, chumvi imekwisha, paka ameingia kwa jirani.

Siku ikafika. Asubuhi akaja bibi mmoja wa mtaani, ndiye aliyewaosha wajane wanapotoka eda. Alikuwa mzee sana na hesabu zake zilikuwa kali. Alipokuwa anachanganya maji na karafuu akasema, "Mie kwa hesabu yangu ilikuwa iwe kesho. Mwezi huno hatukuuona sisi, tulitimiza thelathini."

Mama akamjibu haraka, na kwa fahari, "Mwanangu kauona kwa macho yake."

Bibi akanitazama. Nikainama kuokota kata.

Mama akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, akatiwa wanja. Nguo zake za eda zikafungwa kitita. Kisha akajitanda buibui, akasimama kizingitini kitambo, akatoka. Alikuwa hajaiona nyumba tangu ilipoanza kwenda. Aliugeukia ule uwanda ambapo palikuwa na ukumbi, ngazi, jiko, vyumba vya wakwe zake, akautazama wote. Tukaanza kupanda mlima kwenda kwa ami. Hatujafika hata kwenye kona, tukasikia mtaimbo wa kwanza.

Kwa ami wanawake walikuwa wamejaa. Palikuwa na udi, kahawa na halua. Mama alikaa katikati, amekonda, macho yake yamezungukwa na wanja, na alikuwa na furaha kama bibi harusi, Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Kila aliyeingia alimshika mkono akamwambia, "Nimeitimiza. Nyumba yake imeondoka jiwe jiwe, mie sikutoka. Siku kwa siku nimemtimizia."

Alilisema kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa tano. Nilikuwa nagawa vikombe. Alipolisema mara ya sita, na adhana ya adhuhuri imekwisha kusomwa, nikaweka sinia chini.

"Mama, mwezi sikuuona."

"Mwezi gani?"

"Wa nne. Palikuwa na wingu tupu. Nilikudanganya."

Mtu mmoja akasema astaghafirullahi. Mama aliweka kikombe chake juu ya sinia, polepole, akamgeukia yule bibi mwoshaji.

"Leo ngapi kwa hesabu yako?"

"Kumi," bibi akasema.

"Basi imebaki mpaka magharibi." Akaomba birika. Akaosha macho mpaka wanja ukatoka wote na kope zikawa nyekundu. "Nipeni nguo zangu."

Ami alisikia habari, akaja nyuma ya pazia, mbio mbio. "Shemegi, huna kosa wewe. Ulidanganywa. Mwulize shehe yeyote. Na chumba chenyewe hakipo tena!"

"Mahali pake papo," mama akasema.

"Pana watu wa barabara!"

"Nduguyo kakaa nami miaka ishirini na tano, hakunidhulumu siku. Na mie siku yake hino simlii."

Tukateremka tena, mama, yule bibi, mimi, na nusu ya wanawake waliokuwapo. Fundi alikuwa ameshaifanya kazi yake vizuri, kwa bahati mbaya. Kuta za chumba zilikuwa chini, mawe ya pembe yamefungwa chane nyeupe yanangoja gari, boriti zimelazwa kwa mpango. Kilichobaki ni sakafu, nayo ilikuwa bado nyekundu mahali kitanda kilipoikinga na jua. Nikamweleza fundi yaliyotokea. Sikujificha, nilimwambia nimesema uongo. Alichukua boriti nne, akazisimika kwenye pembe nne, wanawake wakatoa mashuka na makanga, wakayafunga kuzunguka. Hapo mama akaingia.

Msimamizi wa barabara akaja kuuliza kwa nini kifusi hakiondolewi. Alikuwa mtu wa haraka, na kusema kweli alikuwa na haki yake.

"Ngoja kidogo, bwana," fundi akamwambia. "Mna ntu chumbani."

Msimamizi akalitazama lile shuka, akayatazama makoleo ya watu wake, akawaambia wakae. Wakakaa kando ya barabara yao, wametugeuzia migongo.

Ndani mama alitandika mkeka pale pale palipokuwa na kitanda. Juu yetu hapakuwa na kitu ila mbingu. Nilingoja anikemee, anilaani, anipige hata kofi, nilikuwa tayari kwa kofi. Akakaa mpaka alasiri ikaingia. Akaswali, akamaliza, akakunja mswala.

"Ulinichoka," akasema.

Nilitaka kumwambia habari za ufa. "Ndiyo," nikasema. "Nilikuchoka, mama."

"Ungeniambia. Ningekupa ruhusa wende kwa mumeo. Ningekaa peke yangu, kukaa nnakujua."

Nililia. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeweza kusema tu. Katika miezi minne yote ile nilikuwa natembea hatua saba kwenda na saba kurudi, na mlango ulikuwa wazi. Aliniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunifukuza. Watu wa barabara walikuwa wanaongea chinichini, mmoja akacheka, wenziwe wakamnyamazisha.

Mwanga ukaanza kupungua. Mama akajiweka sawa, akaivuta kanga usoni.

"Toka ukatazame," akasema. "Jua limekuchwa?"

Nilishangaa. Palikuwa na wanawake kumi nje ya shuka, palikuwa na fundi, palikuwa na yule bibi mwenye hesabu zake. Angeweza kumwuliza yeyote. "Mama, nimwite bibi atazame?"

"Nimekutuma wewe."

Nikafunua shuka nikatoka. Nikasimama juu ya mawe, nikautazama upande wa Gando. Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi. Wingu lilikuwa limejaa tena kama siku ile, huwezi kujua jua liko juu ya bahari au limekwisha kuingia ndani yake. Nikatazama mpaka macho yakaniuma. Kisha nikarudi, nikapiga magoti mbele yake.

"Silioni, mama," nikasema. "Kuna wingu."

"Basi tungoje adhana," akasema, akanisogezea nafasi kwenye mkeka.